Sasisho la kerneli limenifungia saiba siku ya mwisho ya ritani!

Wadau, leo nina hasira na siimezi. Nina kijisaiba changu, duka la kompyuta za kukodisha, Kongowea hapa Mombasa, mashine zote Linux. Leseni silipi, virusi sivijui, na kwa hayo nashukuru. Lakini aliyepanga hizi kerneli, yaani kiini cha mfumo, zijisasishe zenyewe hajawahi kukaa na foleni ya watu mbele yake.

Tarehe 30 Juni, mwisho wa kufaili ritani za kodi KRA (mamlaka ya mapato Kenya), watu wamejaa hadi barazani. Nawasha mashine iliyobeba printa: kioo cheusi, maandishi meupe, na chini kabisa "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Mama mmoja akachungulia, "Mwanangu, hiyo ndiyo PIN yangu?"

Kumbe usiku ilikuwa imejisasisha. Nilipoisakinisha nilitaka diski isimbwe isisomeke bila nywila, kisakinishi kikajikatia chenyewe sehemu ya /boot, tena finyu. Kila kerneli mpya huingia humo na initramfs yake, lile faili lenye zana za kuifungua diski mashine inapoamka. Za zamani hazikuondolewa, pakajaa pomoni. Kerneli ikaingia, initramfs ikakosa pa kukaa. Yakhe, hata makanga wa matatu huchungulia kiti kabla ya kukuita!

Na kosa liliandikwa, wallahi. Nimelikuta ndani ya /var/log/apt/term.log: "No space left on device". Nani huamka alfajiri kusoma logi? Kwenye kioo halikutokea hata onyo moja.

Nimejinasua kwa Esc, menyu ya GRUB (programu ya kuchagua kerneli ya kuwashia), kerneli ya zamani, nikafuta zilizorundikana, halafu amri za update-initramfs na update-grub. Wateja washahamia kwa jirani.

Msinijie na "ungefuta mwenyewe". Kabla ya kufuta niliandika df -h /boot, amri ya kuangalia nafasi, nikaambiwa imejaa 100%. Mimi nimeona, programu inayosasisha haioni? Torvalds, mwanzilishi wa Linux, sina ugomvi naye, kerneli yake nzima. Nawateta hawa wanaoifungasha na kutusambazia: ukubwa wa kerneli wanaujua, na bado wanamimina kwanza.

Kwa sasa nimezizuia kerneli zisijisasishe, kwa amri ya apt-mark hold. Ndiyo, najua viraka vya usalama vya kerneli navyo havitaingia. Mwenye njia bora aseme, ila atakayeniambia nisakinishe upya aje alipie na wateja.