Mama yangu amezuiwa getini kwenye hoteli niliyoilipia mwenyewe, Unguja

Wakuu, heshima kwenu. Nina siku nne na hili jambo. Nilisema ningoje hasira zipoe ndiyo niandike, naona hazipoi. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 67. Ametulea Njombe kwa mahindi na viazi, watoto sita, na bahari alikuwa anaiona kwenye televisheni tu. Mwaka jana nikamwahidi: mama, nitakupeleka Unguja ukaoge maji ya chumvi. Neno hilo alilishika. Alipofika kwangu Dar mwezi huu alikuwa ameshashonesha dera la kuogea, la samawati, mikono mirefu, na kwenye mkoba ana chupa tupu ya nusu lita ya kuwabebea majirani zake maji ya bahari wakayaonje.

Hoteli siitaji jina. Ipo pwani ya mashariki, upande wa Paje na Jambiani. Picha zao zote maji yamejaa, na ngazi nyeupe inashuka kutoka bustanini mpaka baharini. Kabla ya kulipa nilipiga simu nikauliza kabisa: namleta mama mtu mzima, anataka kuoga baharini, maji yapo? Nikajibiwa, "Bahari ipo mlangoni muda wote, bosi." Nikachukua vyumba viwili, siku tatu, bei ya wakazi, nusu nikatuma kwa simu.

Kwenye boti mama alitapika karibu njia nzima, hakulalamika hata mara moja. Kwenye taksi tulipofika Jozani dereva akasimama kupisha kima punju wavuke barabara, mmoja kabeba mtoto tumboni, mama akacheka mpaka kichefuchefu kikamtoka. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu baada ya hapo sikukisikia tena.

Tumefika saa nane, chumba tumepewa saa kumi na moja na nusu jioni. Ilipofika malipo, naambiwa bei ya wakazi ilikuwa ya msimu wa masika. Nikatoa ujumbe wao wenyewe wenye tarehe zetu. Wakanong'onezana, wakakubali, halafu hesabu ikaja kwa dola, na kiwango cha kubadilishia wamekiandika kwa kalamu kwenye kikaratasi, juu kuliko benki zote nilizoangalia siku ile. Kanuni za kukataza bei kutangazwa kwa fedha za kigeni hapa nchini zimetoka Machi 2025. Nikawaambia hivyo. "Huku ni utalii, kaka." Nikalipa, mama alikuwa amesimama na begi lake mkononi tangu mchana.

Asubuhi mama kagonga mlango wangu saa kumi na mbili, dera keshavaa. Tukateremka bustanini. Ile ngazi ya kwenye picha haipo! Zimebaki daraja tatu za juu, chini yake nondo zimetokeza zina kutu, wamezungushia kamba ya plastiki. Mhudumu anasema mawimbi yaliibomoa wakati wa masika. Maji yenyewe wakati huo yalikuwa bado chini ya ukuta, unayaona, huwezi kuyafikia. Tukaambiwa tukanywe chai kwanza. Tuliporudi saa nne bahari imekwenda. Mbele yetu ni mchanga, mawe na mashamba ya mwani, maji ni mstari mweupe huko kwenye mwamba, karibu kilomita nzima.

Simlaumu Mungu kwa bahari yake. Mwezi ulikuwa mpevu, ni bamvua, na kwenye bamvua pwani ile hukupwa hivyo, saa nne saa tano asubuhi pakavu, saa kumi alasiri pamejaa. Mwezi ukiandama ni vilevile. Katikati hapo kuna siku za maji mafu, bahari haiendi mbali sana. Mimi mtu wa bara sikuyajua haya, nimefundishwa pale pale na wavuvi. Lakini hoteli inayajua, ratiba ya kupwa na kujaa nimeiona kwa macho yangu imebandikwa nyuma ya kaunta ya mapokezi. Kwenye simu wangenitamkia sentensi moja tu ningesogeza safari wiki moja, au ningempeleka mama Nungwi au Kendwa ambako maji hayakimbii hivyo. Waliamua kuninyamazia kwa sababu vyumba vilikuwa havijajaa.

Nikasema basi aingie bwawani. Mlinzi wa bwawa akamwangalia toka juu mpaka chini: dera haliruhusiwi, nguo maalumu tu. Mama akaniambia, "Mwanangu, acha, tusigombane na watu." Akaenda chumbani akajifunga khanga zake.

Mimi nikaenda mapokezi kudai meneja. Huku nyuma mama katoka kwa mlango wa pembeni, akashuka kwa njia ya wenyeji, akatembea mpaka kwa kina mama wa mwani. Hao ndio watu walionistahi mzazi wangu kwenye safari nzima. Walimwamkia, wakamwonyesha vile vijiti na kamba na jinsi mwani unavyofungwa, wakamweleza kuwa kazi hiyo ilianza pwani ile mwaka 1989 na kwamba bamvua ndiyo siku zao za kazi, kwa sababu maji yakipwa ndiyo mashamba yanafikika. Mmoja akamshika mkono akamsogeza mpaka penye maji ya vifundoni, akamjazia chupa yake.

Akarudi na chupa. Getini mlinzi akamzuia. Hana ule mkanda wa plastiki wa mkononi, maana ulikuwa unamkata akauvua usiku, na yupo ndani ya khanga iliyolowa. Mama kamwambia mimi ni mgeni, niko na mwanangu. Akajibiwa: "Mama, hapa ni kwa wageni tu. Wenye biashara mnapita nyuma." Kamwambia namba ya chumba. Hakupiga hata simu mapokezi. Wakati huo huo, mama anasema, wazungu wawili wamepita peku, mikono mitupu, hawana mkanda wowote, kawafungulia na salamu juu.

Nimemkuta baada ya kama dakika arobaini. Amekaa juu ya jiwe nje ya uzio, jua la saa tano, chupa ameishika kwa mikono miwili mapajani. Aliponiona cha kwanza kuniambia ni, "Nisamehe, nilisahau kuvaa ule mkanda."

Mama yangu ananiomba MIMI msamaha!

Wakuu, mlinzi yule ni kijana mdogo kuliko mimi, na kwa namna alivyoongea nilijua si mtu wa mbali na kwetu. Sikumgusa. Nilimuuliza amefundishwa na nani, akasema ndiyo maelekezo waliyopewa, mtu mweusi bila mkanda asiingie. Alilisema mbele ya mfanyakazi mwenzake na mbele ya mama.

Alasiri zote tulizobaki zilikuwa vilevile: saa kumi maji yanakuja, yanapiga ukuta, ngazi hamna, ufukwe umemezwa. Kwa njia ya wenyeji nako mama hakutaka tena. Alisema getini hapiti. Siku ya tatu hakutoka chumbani ila kula.

Meneja nilimpata saa ya kuondoka. Akasema anasikitika kama mama alijisikia vibaya, na tukirudi tena atatupa chakula cha usiku bure. Nikamwambia mama hakujisikia vibaya, alizuiwa getini. Akaangalia saa.

Ninachotaka: fedha za siku mbili zirudi, na barua ya kumwomba radhi mama yangu, yenye jina lake, siyo langu. Najua leseni za hoteli kule ziko chini ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Aliyewahi kupeleka malalamiko pale aniambie wanapokea kwa barua au mpaka uende mwenyewe, na kama nikitaka kufuata ile ya dola niende ofisi gani. Risiti ninazo, kikaratasi cha kiwango ninacho, picha ya ngazi ninayo, ujumbe wa bei sijaufuta.

Basi la mama la Njombe ni Jumamosi alfajiri. Chupa ipo mezani hapa sebuleni, ameifunga kwa mfuko wa nailoni mara mbili isimwagike njiani. Nataka apande lile basi na barua yake mkobani. Nisaidieni kabla ya hapo.