Watoto na Wajukuu wa Bibi Mwanahawa

Shangazi Zuhura, 07:12
Asalaam alaykum. Ile iPhone ya Mama aliyotuma Amina imefika tangu Ijumaa na bado ni pambo la kabati. Laini ya Voda imekataa, Airtel imekataa, Halotel vilevile. Kila mtu aseme la kufanya.

Shangazi Zuhura, 07:40
Mmesoma watu kumi na wanne. Nawaona.

Hamisi, 07:44
Labda inataka kusalimiwa kwa Kiingereza kwanza 😂

Shangazi Zuhura, 07:45
Hamisi sina muda. Fundi wa barabara ya 12 anaifungua kwa elfu sitini. Nyumba kumi, elfu sita kila nyumba. Nitumieni kabla ya adhuhuri.

Kassim Dar, 09:05
Shikamoo shangazi. Usimpe hela kwanza. Hiyo imefungwa na kampuni ya simu ya huko Marekani, na wanaoifungua ni wao, bure. Fundi atakuwekea kale kachipu kembamba chini ya laini. Simu ikijisasisha tu, mmerudi pale pale.
Bonyeza *#06#, namba za IMEI, zile za kuitambulisha simu, zitatokea, tarakimu 15. Mtumie Shangazi Amina, usiziweke humu.

Shangazi Zuhura, 09:11
Nilishampigia picha boksi zima. Kimya.

Hamisi, 09:12
Ohio sasa hivi usiku, wamelala

Shangazi Zuhura, 09:12
Tangu Ijumaa?

Shangazi Amina USA, 15:48
Waalaykum salaam. Nilikuwa kazini. Nimeongea nao, hawafungui mpaka deni liishe. Niliichukua kwa awamu, imebaki miezi michache.

Shangazi Zuhura, 15:50
Kwa hiyo Mama katumiwa simu ya mkopo.

Shangazi Amina USA, 15:51
Huku ndivyo watu wanavyochukua.

Kassim Dar, 15:53
Ingetoka Uingereza tusingehangaika, kule tangu Desemba 2021 hawaruhusiwi kuuza iliyofungwa. Shangazi, uliitumia kwenye mtandao wao? Wengine wanataka iwe imekaa kwao siku kadhaa.

Shangazi Amina USA, 15:55
Nimeitumia mwenyewe mwaka mzima.

Shangazi Zuhura, 15:55
Kumbe na mtumba. Sisemi kitu. Ni kama zile bati tu.

Shangazi Amina USA, 15:57
Hela ya bati nilituma YOTE. Aliyepokea anajijua na yumo humu.

Hamisi, 15:58
Jamani nani ana namba ya yule muuza mbuzi wa Muheza?

Mama Tatu, 18:20
Ndo naingia. Kwani kwa waifai haifanyi kazi? Angalau aone sura za wajukuu

Kassim Dar, 18:31
Inafanya mama, hata bila laini. Ila atakayekuwa anamrushia bando kila jioni ni nani?

Baba Mkubwa Omari, 20:30
Nimesoma. Simu ni ya Mama, na Mama hajalalamika. Fundi asiiguse. Amina amalize deni lake taratibu. Aliyeleta habari ya bati anipigie mimi, leo.

Shangazi Zuhura, 20:41
Nimesikia kaka.

Shangazi Zuhura, 20:58
Ila kuna wawili walishatuma elfu sita. Nirudishe au nishike?

Hamisi, 20:59
Mmoja ni mimi. Ziende kwenye mbuzi

Shangazi Zuhura, 21:03
Na Mama anauliza, chaja ya kitochi chake nani kaondoka nayo?