Naomba ushauri: nesi wangu karudia dozi, niripoti au niyamalize wodini?

Mama Wodini: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni inchaji wa wodi ya wazazi, usiku wa pili huu silali. Binti mgeni kazini kamrudishia magnesia (sindano ya kuzuia degedege) mama wa kifafa cha mimba: gramu 5 juu ya 5, hata nusu saa haijapita, wakati dozi hizo hupishana saa 4. Mama akalegea, goti ukiligonga mguu haurushi, pumzi zikashuka. Tukamchoma kalsiamu gluconeti, ya kuvunja nguvu za magnesia, akarudi. Yeye na mtoto wazima. Niandike ripoti, au nimpe binti barua ya onyo yaishe?

Kisamvu Kikavu: Manesi wa siku hizi! Mke wangu kajifungulia kwenye benchi, nesi anachati. Fukuza.

Bibi Mkunga: Mwanangu, enzi zetu matroni akikuita ofisini kofia inacheza kichwani. Ila alianza na karatasi ya dawa. Dozi ya kwanza ilisainiwa?

Mama Wodini: Haikusainiwa, mama. Kulikuwa na vurugu, wazazi wawili wanasukuma kwa pamoja.

Bibi Mkunga: Aliichoma nani?

Mama Wodini: Mimi, saa mbili usiku nikitoka. Lakini si angepiga simu? Na sahihi nimeshaijazia, faili liko sawa.

Kisamvu Kikavu: Duh.

Mzee wa Tarumbeta: Hii chai, tena ya rangi. Inchaji ni mtu wa asubuhi. Saa mbili usiku unachoma sindano za nani?

Chumvi Kidogo: Wekeni na maandazi 😂

Mama Wodini: Karibu kwetu uone. Tuko wanne, mmoja likizo ya uzazi. Uinchaji wenyewe ni kushika funguo za kabati.

Msomi Njaa: Chai au si chai, aliyeacha karatasi tupu ndiye anamwandikia onyo aliyeikuta tupu? Ingawa kuripoti nako... Marekani, nesi RaDonda Vaught alimchoma mgonjwa vecuronium (ya kupooza misuli) badala ya Versed (ya kutuliza) mwaka 2017, mgonjwa akafa. Alikiri mwenyewe. 2022 akatiwa hatiani, kifungo cha nje miaka 3.

Mama Wodini: Ndicho ninachoogopa! Nina watoto watatu.

Bibi Mkunga: Wako hajafa. Hiyo sahihi ya kujazia ndiyo itakayokula. Andika saa uliyoijazia, kisha nenda kwa matroni kabla hajakuita.

Mzee wa Tarumbeta: Bado nasema chai. Binti anasemaje?

Mama Wodini: Anajua kakosea yeye. Tangu juzi analia tu. Barua nimeshaichapa, iko kwenye droo, anaingia saa moja na nusu.