Mke wangu anatetemeka mikono, nahisi ni maji ya kisima. Naomba ushauri

Mlupa22: Wakuu, habari za leo. Nipo Chunya, upande wa Matundasi. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Mwezi wa pili huu mikono inamtetemeka, juzi alishindwa hata kuandika jina lake kwenye daftari la kikoba. Mdomoni anasikia ladha ya bati, usiku halali. Hata pete yake ya ndoa imegeuka nyeupe. Fundi ananiuzia chujio la mkaa laki tatu na nusu, nimeshampa nusu. Litatosha?

Mmeru_Original: Kwetu Meru meno ya wengi ni ya kahawia kwa sababu ya floraidi. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, sisi tulikunywa zaidi. Shemeji yangu miguu ilipinda. Kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea. Pale Ngurdoto walichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tafuta huo.

MamaTukuyu: Mwanangu, mjamzito apumzike. Nyie wa machimboni mnawatwisha wake zenu ndoo, halafu mnasingizia maji.

KarashaItumbi: Mkuu, maji hayageuzi pete ya dhahabu. Hiyo ni zebaki. Nani anakamua kitambaa cha dhahabu na zebaki hapo kwenu?

Mlupa22: Kisima kiko hatua kumi na tano tu kutoka karasha ya jirani, ule mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu.

KarashaItumbi: Sijauliza kisima.

Mlupa22: Anakamua yeye, mimi nachoma zebaki itoke ibaki dhahabu. Jikoni, usiku, nje kuna wezi. Lakini dirisha tunafungua. Na mzee wangu kachoma miaka ishirini, yupo.

KarashaItumbi: Basi anza na moshi. Zebaki ya majimaji ukiimeza, tumbo linanyonya kidogo sana. Mvuke wake ukiuvuta, karibu asilimia 80 inabaki mwilini, inakwenda kwenye ubongo na figo, inavuka mpaka kwa mtoto. Chujio litazuia nini hapo?

Popo_wa_Soweto: Uzi wa kutunga huu. Akaunti ya jana, pete inabadilika rangi, wezi usiku. Kesho tutawekewa namba ya kuchangia.

MamaTukuyu: Hata mimi nimeshtuka. Dhahabu haigeuki.

KarashaItumbi: Inageuka, mama. Yangu iligeuka, sonara akaipasha moto ikarudi njano. Msijaribu nyumbani, ni moshi uleule.

Mlupa22: Sijaomba hela ya mtu. Nimetoka kuiangalia sasa hivi: njano imebaki ndani tu, palipochongwa herufi zetu. Nikimpeleka kwa mama yake Uyole, mimi niendelee kuchomea nje, itafaa?

KarashaItumbi: Mpeleke kesho, ila kwanza hospitali. Mtamkie daktari neno zebaki, uliza kipimo cha mkojo. Nguo zako za kazi zisimfuate. Maji nayo yapimwe, Mkemia Mkuu ana ofisi ya kanda Mbeya. Kikaango cha kuchomea kiko wapi?

Mlupa22: Jikoni. Asubuhi amekaangia mihogo.