Haja iliyonijia kabla sijafikiri: Mithali inasemaje?

MamaNafaka: Bwana asifiwe wapendwa. Nina duka la nafaka. Masika haya maji yaliingia kwa jirani yangu, naye anauza vilevile ninavyouza mimi. Nilikuta magunia yameloa, mchele umevimba hadi mshono unaachia. Mdomo ukasema "pole mama." Moyo ulishamaliza kuhesabu wateja wake. Nikamsaidia kuchota maji, jioni nikampelekea madebe mawili ya mahindi. Lakini Mithali 11:23 inasema "Haja ya mwenye haki ni mema tu." Sasa mimi ni yupi, yule wa mahindi au yule wa kuhesabu?

MzeeWaKwaya: Mwanangu, ulimsaidia, basi. Usijitese.

MwalimuJpili: Mzee, shikamoo. Hapo naomba tutofautiane kidogo. Mithali 24:17 inakataza hata moyo kushangilia adui anapojikwaa, sembuse jirani. Kwa hiyo dada, ulichokiona ndani yako ni cha kweli, usikifunike.

Ila soma na 19:22: "Haja ya mwanadamu ni hisani yake", halafu papo hapo maskini anatajwa kuwa afadhali kuliko mwongo. Mimi huuelewa hivi: asiye na kitu lakini anatamani kwa dhati kumpa mwenzake, ile haja yake tayari ni wema. Mwenye nacho anayeahidi bila kutoa ndiye mwongo. (Kiebrania chake kina utata; neno hesed, hapa "hisani", kwenye 14:34 lina maana ya aibu.)

Ninayempenda zaidi ni Aguri, mwenye maneno ya Mithali sura ya 30. Hajidai kuwa moyo wake ni safi. Anaomba "usinipe umaskini wala utajiri" kwa sababu anajijua: akishiba atamkana Bwana, akikosa ataiba. Anataka alishwe chakula kilicho kadiri yake. Wewe unashinda na mizani dukani, utamwelewa kuliko mimi.

MamaNafaka: Mwalimu, asante, hiyo ya Aguri nimeisoma mara tatu. Mzee, nawe ubarikiwe. Leo asubuhi mteja wa siku zote wa yule jirani yangu alikuja kwangu akitaka gunia zima la maharage. Nikamwambia mwenzangu anafungua Alhamisi, kama anaweza kusubiri. Akachukua kilo mbili za kusogeza siku. Nilipokuwa nampimia, ile hamu ya kumuuzia gunia ilikuwepo bado, sitawadanganya.