MREJESHO: Kuandika safari huku naishi kwenye Coaster

Wakuu, habari za wikendi. Niliwauliza nitaandikaje habari za safari na kutunza picha kila siku nikiwa na Coaster niliyoigeuza nyumba, Dar hadi Mbeya. Nimerudi Tabata salama, ahsanteni sana.

Aliyesema nifunge betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia gari, Mungu ambariki. Sola ya juu ya paa inaijaza, laptop naichaji kwa chaja ya volti 12 bila inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na asubuhi gari linawaka bila kusukumwa. Shida ni kivuli: ukipaki chini ya mti, sola inalala. Ruaha Mbuyuni, kwa joto lile, nilichagua kivuli. Saa mbili usiku betri kwisha.

Kurekodi sauti huku naendesha kumegoma. Kupanda mlima Kitonga injini inanguruma, ukisikiliza unaambulia "...nyani..." basi. Sasa naandika kwenye daftari nikisimama kula, usiku nachapa bila intaneti, picha nazituma nikifika Iringa au Makambako. Nakala nyingine iko kwenye flashi, ndani ya kopo la majani ya chai.

Aliyeuliza sola nilinunua wapi: Kariakoo, ila nenda na fundi wako.