Mafuta ya kula kwenye injini ya dizeli: mimi napinga, isipokuwa kwa mambo mawili

Ndugu zangu, kila dizeli inapopanda bei hoja hii inarudi: Singida kuna alizeti, Kigoma kuna michikichi, tunaagiza dizeli ya nini? Wanaoitetea wana historia upande wao. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujitosheleza kwa nishati. Kwamba inawezekana, hilo halina ubishi. Tubishane juu ya nani atabeba hasara.

Kwanza mwenye gari. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli mara kumi na zaidi. Nozeli ya injini, inayopaswa kunyunyiza mafuta kama ukungu, inaishia kutema matone, na matone hayaungui yote. Ukiifungua baada ya muda, unakuta ncha imevaa masizi magumu na matundu yameziba nusu. Ringi zimegandamana na pistoni, na mafuta yasiyoungua yameshuka kwenye oili hadi imekuwa nzito kama uji. Siku ya kwanza gari linawaka vizuri, moshi unanukia chipsi, watu wanapiga picha na kusambaza. Bili ya fundi haipigwi picha. Kwenye pikapu za kisasa zenye nozeli za umeme, msijaribu kabisa.

Injini za Lister na nakala zake za India, zile zinazosaga mahindi vijijini, ni habari nyingine. Zinazunguka polepole na zinavumilia. Fundi makini anawasha kwa dizeli, anayapasha mafuta kwa joto la ekzosi hadi nyuzi 70 au 80 ndipo anayaingiza, na kabla ya kuzima anarudisha dizeli ili pampu ijisafishe. Akisahau, asubuhi ya mwezi wa saba kule Njombe atakuta mawese yameganda kwenye bomba.

Najua mtasema tuyageuze kuwa biodizeli kwa methanoli na kostiki soda. Sawa, yanakuwa mepesi, na gliserini inabaki ya sabuni. Lakini methanoli ni sumu, moto wake mchana hauonekani vizuri, na nayo tunaiagiza. Hiyo ni kazi ya kiwanda, si ya uani penye watoto.

Halafu mlaji. Bado tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na dukani lita ya alizeti ni ghali kuliko lita ya dizeli kituoni. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alipoanzisha kampeni ya kufufua michikichi Kigoma, shabaha ilikuwa sufuria. Mnaotoa mfano wa Indonesia, ambayo tangu 2025 inachanganya asilimia 40 ya biodizeli ya mawese kwenye dizeli: yule ndiye mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Sisi ni wateja wa mawese, na mwaka 2022 alipozuia kuyauza nje kwa wiki chache, dunia nzima ilihaha.

Na mkulima je? Kisarawe kampuni ya Uingereza ilipewa hekta zaidi ya 8,000 za vijiji ili ipande mbono kaburi (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta yasiyolika. Mwaka 2011 mradi ukasimama, ajira zikaisha, ardhi haikurudi kwa wanakijiji. Hili linaniuma kuliko nozeli zote, maana nozeli hununuliwa nyingine.

Ninayokubali ni haya. Mafuta yaliyochoka ya hoteli na mabanda ya chipsi yakusanywe na viwanda vya biodizeli, badala ya kumwagwa mitaroni au kurudi kwenye karai la mtu mwingine. Na mbono kaburi wa uani, unaopandwa kama uzio na mbuzi hawaugusi, ukamuliwe kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji hichohicho. Shamba la mahindi lisiguswe.

Mnaopinga, karibuni, ila mje na hesabu. Lita moja ya mafuta ya mbono inataka mbegu kilo nne hadi tano, na zinachumwa kwa mkono. Mama anayezichuma atalipwa shilingi ngapi kwa kilo, na kwa bei hiyo lita itashindana na dizeli?